Namba za Jumapili Katika Visima vya Mowlem

Nyinyi vijana mnaopima maji siku hizi mnakuja na kifaa kinacholia pii kikigusa maji, mnaandika namba kwenye simu, na mnaondoka kabla chai mliyopewa haijapoa. Sawa, siwacheki. Lakini kaeni kidogo niwaambie ya Mowlem, mtaa wetu hapa Nairobi, katikati ya miaka ya tisini, vile mimi Ngigi, mtu wa darasa la tatu, nilivyopewa kazi ya kupima visima kwa ajili ya hesabu ya kompyuta, na vile namba nilizoandika kwa mkono wangu zilivyomshusha rafiki yangu Mutisya ndani ya shimo ambalo hakupaswa kuwemo. Nimezeeka, magoti yamekataa kazi, na bado nikiona kisima kilichoachwa wazi nazungukia mbali.

Kusoma sikusoma. Nalisema hilo bila kuinamisha kichwa, kwa sababu watoto wangu wanne walisomeshwa na sururu. Ukitoka Umoja uende hadi Dandora, kuna ploti nyingi ambazo watu walioga, walipika na walifua kwa maji niliyoyafikia mimi nikiwa nimekunja mgongo gizani, mchana. Ndiyo, gizani mchana. Futi thelathini chini jua linakuwa kijisahani tu juu ya kichwa chako.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa mtaa wa Ziwani, Mzee Nzioka, mtu mfupi mwenye mikono kama mizizi. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuogopa. Alisema siku nitakayoshuka bila kuogopa niende nikauze maandazi. Kila asubuhi aliteremsha taa ya mafuta kwa kamba kabla ya mtu kushuka. Taa ikizimika, hapana kushuka, hata kama mwenye kisima analia. Alivuta kamba kwa uzito wake mwenyewe, akining'inia kama nyama buchani, ndipo akaniruhusu kuifunga kiunoni. Na hakukubali kabisa pampu ya petroli kuwekwa ndani ya kisima, kwa sababu moshi wake unamlaza mtu chini na haamki. Nyinyi mna vyeti. Sisi tulikuwa na Mzee Nzioka, na wale ambao hawakumsikiliza hawapo hapa kubishana na mimi.

Kupima kina cha maji ni kazi nyingine tena. Njia yangu ilikuwa hii: unachukua tepu ya chuma, unafunga uzito mwishoni, unapaka chaki futi tatu za mwisho, unateremsha. Unaposikia chub, unashusha kidogo zaidi, unasoma namba pale juu kwenye ukingo, kisha unavuta. Chaki iliyoloa inabadilika rangi. Unatoa urefu wa sehemu iliyoloa kwenye namba ile, na hapo una kina chako. Rahisi. Ila siku moja kule Mukuru kwa Njenga nilipima, nikaandika, nikajisifu kwamba kisima kile kina maji mengi ajabu, kumbe nilikuwa nimepima maji yaliyokuwa ndani ya ndoo ya mtu iliyoning'inia katikati. Mama mmoja alicheka hadi akakaa chini. "Fundi, umepima maji yangu ya kuosha vyombo!" Tangu siku hiyo nilichungulia kwanza.

Sasa sikilizeni kuhusu machimbo.

Karibu na ploti za Mowlem kulikuwa na machimbo ya mawe ya kujengea. Mawe mazuri ya juu yalikuwa yamekwisha, wakawa wanashuka ngazi baada ya ngazi, na walipofika chini maji yakaanza kutoka ubavuni mwa mwamba. Basi wakaleta pampu ya dizeli. Ilifyonza maji kutoka sakafu ya machimbo na kuyamwaga kwenye mfereji upande wa mtoni, usiku na mchana, duh-duh-duh-duh. Baada ya wiki mbili ukiwa jirani, husikii tena. Inakuwa kama moyo wako mwenyewe.

Visima vikaanza kukauka. Watu wakalalamika. Mwenye machimbo naye alikuwa anataka kushuka ngazi nyingine mbili, na kabla ya kuruhusiwa ilibidi mtaalamu aseme kama pampu ndiyo inayonyonya visima vya watu au ni kiangazi tu. Mtaalamu mwenyewe akaja: msichana mwembamba, ametoka chuo juzi, miwani, viatu vya turubai. Jina lake Akinyi. Sisi tulimwita Madam.

Alinitafuta kwa sababu milango ya ploti ilikuwa inafunguka nikibisha mimi. Nusu ya visima vile nilivichimba mwenyewe. Akanipa daftari la mistari na kalamu mbili.

"Mzee Ngigi, nataka kina cha maji katika visima hivi kumi na kimoja, kila wiki. Andika tarehe, andika namba. Usikadirie."

"Madam, mimi sikadirii. Kadiria wewe, ndiyo kazi yako."

Akacheka. Nilimpenda kwa hilo.

Siku moja alinionyesha ile hesabu. Alikuwa amechora Mowlem nzima kwa miraba midogo kama ubao wa drafti, machimbo katikati, visima vyangu vimewekwa nukta. Akaniambia kila mraba unaulizwa na kompyuta: maji yako yako juu kiasi gani, na jiwe lako linapitisha maji kwa urahisi gani kwenda kwa jirani? Ukinyonya maji kwenye mraba mmoja, jirani anapungukiwa, na jirani wa jirani naye anapungukiwa, hadi mahali ambapo hakuna anayesikia. Lakini hakuna mtu anayejua jiwe linapitisha maji kiasi gani bila kulifungua. Kwa hivyo anaanza kwa kubahatisha, kompyuta inatoa kina cha kila kisima, anakilinganisha na namba zangu. Zikikataana, anabadilisha urahisi wa jiwe, anarudia. Kama fundi nguo: anapima, anakata, anamvalisha mteja, anapunguza kiunoni, anamvalisha tena.

Mimi ndiye niliyekuwa mwili wa mteja. Nilielewa hilo siku ileile, na lilinipa kiburi kikubwa. Nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kompyuta ya Nairobi inangoja mimi niseme.

Sasa lililotokea ni hili. Kupima katikati ya wiki kulikuwa taabu. Siku za kazi wenye ploti walikuwa mjini au Industrial Area, visima vimefungwa kwa kufuli, funguo mfukoni mwa mtu aliye ofisini. Jumapili ndiyo siku niliyowapata. Watu wa Ukambani na watu wetu wa Murang'a na Kiambu pale Mowlem walikuwa watu wa kanisa, na wakishatoka ibada wanakaa nje na chai, wamevaa suti, mlango wazi, wana furaha, wanakukaribisha. Kwa hivyo nilipima Jumapili. Kila Jumapili, wiki hadi wiki, bila kukosa hata moja. Tarehe niliandika vizuri, kwa mwandiko ambao hata mwalimu angeupenda. Siku ya wiki sikuandika, na hakuna aliyeniambia niiandike.

Na machimbo hayakufanya kazi Jumapili. Pampu ilizimwa Jumamosi saa saba mchana, vibarua wanakwenda zao, na inawashwa Jumatatu alfajiri.

Mnaona? Nyinyi mmeona mara moja, kwa sababu ninawaambia kwa mpangilio. Mimi sikuona. Nilikuwa nikifunua vifuniko nakuta maji yamepanda, naandika. Wamama wa ploti waliona maji ya Jumapili ni mengi, wakasema ni baraka. Mama Mwende, mwenye kisima kilichokuwa karibu zaidi na machimbo, alikuwa na maelezo yake: "Watu wako kanisani, hakuna anayeteka, si lazima yajae?" Nami nikaona ni kweli. Madam aliponiuliza, "Mbona watu wanalia na namba zako ni nzuri?" nilimjibu kama mkubwa wa kazi: "Madam, hawa katikati ya wiki wanateka kama ng'ombe. Na wanapenda kulalamika."

Basi kompyuta ikaamini. Ilizivalisha namba zangu, na ili nguo ikae vizuri ikabidi jiwe liwe gumu, karibu lisilopitisha maji kabisa. Pampu inanyonya pale, kisima cha Mama Mwende hakijui lolote. Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema.

Mama Mwende aliposikia kwamba machimbo hayana kosa, akasema basi tumwongezee kina. Kisima chake kilikuwa futi thelathini na nane. Alitaka futi sita zaidi. Nilikubali. Kabla ya kuanza nilimuuliza Madam, nikijua anayo hesabu: tukifungua jiwe chini zaidi, maji yataingia kwa kasi gani?

Akaangalia karatasi zake. "Kwa jiwe hili, polepole. Labda shibiri moja kwa siku. Lakini ni makadirio, Mzee."

Nilimpelekea Mutisya jibu hilo. Nilimwambia, "Shibiri moja kwa siku." Yale maneno mengine sikuyapeleka.

Mutisya nilifanya naye kazi miaka mingi. Alitoka Kitui kama mchonga vinyago, akauza vinyago mjini, biashara ikakataa, akaniambia anaweza kuchonga jiwe lolote. Na aliweza. Alikuwa anashuka kisimani akiimba, tena vibaya. Magoti yangu yalikuwa yameanza kuuma mwaka huo, kwa hivyo yeye alishuka na mimi nikabaki juu kwenye winchi, ile ya mbao ya kuzungushia kamba.

Tulianza siku ya Jumamosi. Tulichagua Jumamosi kwa sababu kufikia mwisho wa wiki kisima kilikuwa kikavu kabisa, unaweza kukaa chini ukala. Kijana aliyezoea kunisaidia kuzungusha winchi alikuwa ameenda mazishini, na Mama Mwende akasema yeye mwenyewe atazungusha. Alikuwa na mabega, yule mama. Nilishusha taa, haikuzimika. Nilining'inia kwenye kamba, ikashika. Kamba ilikuwa moja. Kwa kawaida ninaweka mbili, moja ya ndoo na moja ya mtu, lakini ile ya pili nilikuwa nimeiazimisha, na nikajiambia kwa shibiri moja kwa siku kamba moja inatosha.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulikula githeri saa saba, Mutisya akashuka tena. Kwa tindo na nyundo alikuwa akibomoa jiwe, anajaza ndoo, sisi tunavuta, tunamwaga, tunashusha. Kufika kama saa tisa nikasikia sauti yake:

"Fundi! Hapa nimepasua ufa. Kuna maji."

"Kiasi gani?"

"Ya kunawa miguu."

"Nawa basi, kesho ni kanisa!"

Mama Mwende akacheka. Tukaanza kuvuta ndoo. Ilikuwa imejaa mawe, nzito, na winchi ilikuwa inalia kwa kila mzunguko. Ndoo ilikuwa imefika kama nusu ya njia.

"Fundi." Hakuwa anaimba sasa. "Hii maji inapanda."

"Inapanda vipi?"

"Ilikuwa kwa kifundo. Sasa iko kwa goti."

Nikasimama na mkono wa winchi mkononi. Na hapo ndipo niliposikia redio. Redio ya ploti ya pili, safi kabisa, mtangazaji akisoma matangazo ya vifo, jina la marehemu, baba wa fulani, babu wa fulani. Nikajiuliza kwa nini leo ninaisikia redio ile, sijawahi kuisikia. Nilisikiliza tena. Duh-duh-duh haikuwepo. Ilikuwa haipo tangu saa saba, na masikio yangu hayakuniambia.

Vijana, sijui jinsi ya kuwaeleza hofu ile. Kwa kupepesa jicho niliona yote: Jumapili zote, daftari lote, suti za watu, chai, maji yaliyopanda. Kwa saa mbili pampu imelala, maji yalikuwa yamerudi ndani ya mwamba, yamejaa kwenye nyufa zote, yakingoja mtu afungue. Na Mutisya alikuwa amefungua.

"Fundi, kiunoni!"

Ndoo ya mawe ilikuwa katikati ya kisima, juu ya kichwa chake. Kuishusha ni kumponda. Ilibidi ipande mpaka juu, imwagwe, ndipo ishuke kumchukua. Msiniambie angeelea. Hakujua kuogelea, na ukuta wa udongo mweusi ulikuwa umeanza kumeguka. Nilisikia vipande vikidondoka majini, chub, chub, chub, sauti ileile niliyozoea kuisikia nikipima.

"Mama, zungusha! Zungusha kama una watoto!"

Alizungusha. Mkono wa winchi ulinitoka mara moja, ndoo ikashuka futi mbili, na kule chini Mutisya akapiga ukelele ambao bado unaniamsha. Tukaikamata. Tukaivuta. Ilipotokea ukingoni sikuimwaga, nilikata kamba pale kwenye kishikio kwa panga, ndoo ikaanguka pembeni na mawe yake, nikafunga kitanzi mwishoni mwa kamba, nikakitupa.

"Mutisya! Kitanzi! Weka kwapani!"

Kamba ilibaki nyepesi mkononi mwangu.

"Mutisya!"

"Siioni!"

"Papasa! Iko kwa ukuta, upande wa machimbo!"

Mama Mwende alikuwa anaomba kwa Kikamba kwa sauti ya juu. Mimi sikuomba, nilikuwa ninatikisa kamba ile kama mvuvi mjinga. Halafu ikakazwa. Uzito. Tulizungusha winchi ile hadi ubao wake ukapasuka, na aliyetokea juu alikuwa mtu wa matope, buti moja, macho tu ndiyo meupe. Tulimlaza chini. Alitapika maji meusi ya udongo, akakohoa, akakaa.

Mama Mwende akanigeukia. "Wewe Ngigi! Mke wake ningemwambia nini? Ningemwambia nini?" Akanipiga kofi la bega. Nilistahili la uso.

Mutisya alipangusa matope usoni, akanitazama. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi.

"Fundi," akasema, "karatasi yako ilisema shibiri moja."

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Madam kabla hajafika. Nilipomwona nilimwambia nikiwa bado nimesimama: namba zote ni za Jumapili. Alichukua daftari, akashusha kalenda kutoka ukutani, akalinganisha tarehe moja moja kwa ncha ya penseli. Jumapili. Jumapili. Jumapili. Alipofika ukurasa wa tatu akaacha. Hakupaza sauti. Alivua miwani.

"Mtu yuko salama?"

"Yuko hai."

"Mimi sikukuuliza siku," akasema. "Nilikuuliza tarehe tu."

Sikukubali aibebe. Nilimwambia kosa lake ni la karatasi, langu ni la kamba moja. Akaizuia ripoti, akasema haitoki mpaka tupime upya: Ijumaa kabla pampu haijanyamaza, Jumapili alasiri, na Jumatatu tena. Tulipofanya hivyo, jiwe likageuka kabisa kwenye miraba yake. Kumbe lilikuwa limejaa nyufa, na machimbo yalikuwa yanavuta maji hata kutoka ploti ambazo hatukuzifikiria. Zile ngazi mbili hazikuchimbwa wakati ule.

Lakini kulikuwa na namba moja aliyoikosa. Alitaka kujua, pampu ikizimwa, maji yanarudi kwa kasi gani kwenye ufa wa chini. Hakuna kisima kingine kilichofika kina kile, na hakuna mtu angemruhusu kumshusha mwingine. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kipimo kipo, kilishachukuliwa, na kiko kwa mtu mmoja tu.

Kwa hivyo tulikwenda uani kwa Mama Mwende, mimi na Madam, na Mutisya akaja. Hakukaribia kisima. Alisimama ukutani, amekunja suruali. Madam alipiga magoti kwenye vumbi na tepu yangu, akapima kutoka unyayo hadi kifundo, akaandika. Hadi goti, akaandika. Hadi kiuno. Kisha alituambia, mimi na Mama Mwende, tuzungushe winchi mpya bila kitu, kwa mwendo uleule wa siku ile, naye akashika saa. Mutisya alikuwa anasema: ndoo ilipokuwa hapo, maji yalikuwa kwa goti. Ilipokuwa hapo, kiunoni. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia.

Madam akasimama, akaweka tepu kutoka unyayo hadi kifuani mwa Mutisya.

"Na hapa, kaka? Ilichukua muda gani kufika hapa?"

Mutisya akatazama chini, pale tepu ilipokuwa imegusa shati lake.

"Hapo sikuwa ninahesabu tena, Madam."

Madam aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Kisha akaikunja karatasi, kisanduku cha kipimo cha kifua kikiwa kitupu. Nimeiona ripoti ile ya mwisho, iliyopigwa mihuri. Kuna jedwali la vipimo vinne, na cha nne hakina namba. Wakubwa waliuliza kwa nini. Yeye hakukadiria, na hakukijaza.